Jinsi ya Kufuatilia Chimbuko la Kitu cha Kale cha Chama cha KOG Katika Rijksmuseum, Amsterdam

Anayepita katika vyumba vya Rijksmuseum mjini Amsterdam, au anayepekua picha za makumbusho hayo kwenye intaneti, hukutana mara nyingi na mstari mmoja mdogo chini ya maelezo ya kitu: Bruikleen van het Koninklijk Oudheidkundig Genootschap, yaani kitu kimeazimwa kutoka chama kiitwacho KOG. Wengi huupita bila kuusoma, kwa kuwa picha imekwisha kuwaridhisha. Mwongozo huu ni kwa mwanafunzi, mwalimu, mtafiti au mpenzi wa historia anayetaka kusimama hapo hapo, kwa sababu mstari huo ndio mlango wa kuingilia katika maisha ya kitu chenyewe: nani alikitengeneza, nani alikitumia, nani alikiokoa kisije kikayeyushwa au kuuzwa ng'ambo, na kwa njia gani kilifika kilipo leo. Si lazima uwe unajua Kiholanzi. Inatosha kuwa na maneno ishirini hivi na subira.

Kujua unashughulika na nani

Koninklijk Oudheidkundig Genootschap, ambacho Waholanzi wenyewe hukiita kwa kifupi KOG, ni Chama cha Kifalme cha Elimu ya Vitu vya Kale. Kiliundwa Amsterdam mwaka 1858 na raia waliochoka kuona mali za kihistoria za nchi yao zikipotea mbele ya macho yao. Ili uelewe uchungu wao, kumbuka kwamba vyama vya mafundi, vilivyokuwa vimeshika maisha ya miji ya Uholanzi kwa karne nyingi, vilifutwa mwaka 1798, na kufutwa kwake kukaacha vikombe vya fedha, masanduku, bendera na medali bila mwenyewe wa kuvitunza. Kuta na malango ya miji yalibomolewa ili kupisha barabara na nyumba mpya. Hata baada ya chama kuundwa upotevu haukukoma mara moja: katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana mjini 's-Hertogenbosch, kiambaza kizima cha mawe na marumaru kilichojengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kiling'olewa katika miaka ya 1860, kikauzwa, na leo kimesimama katika makumbusho ya Victoria and Albert mjini London. Serikali ilitazama tu. Sheria ya kudumu ya kulinda majengo ya kale Uholanzi ilipatikana mwaka 1961, zaidi ya miaka mia moja baada ya chama hiki kuanza kazi.

Kwa hiyo waliofanya kazi ya kuokoa vitu hivyo walikuwa watu binafsi, kwa michango yao, kwa kununua minadani na kwa kupokea zawadi na wasia. Rijksmuseum lilipofungua milango ya jengo lake jipya mwezi Julai 1885, jengo lililobuniwa na Pierre Cuypers, chama kilipata nafasi humo na kuingiza hazina yake. Iko humo hadi leo, lakini haikuwa mali ya makumbusho, na hilo ndilo jambo la kwanza la kushika.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Lugha yetu inatofautisha kukopa na kuazima: aliyekopa fedha au unga hurudisha mfano wake, ila aliyeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Neno bruikleen ni kuazima hasa. Maana yake ni kitu kilichotolewa kitumike na kitunzwe, huku mwenyewe akibaki mwenyewe. Ukiandika kwamba kitu cha KOG ni "mali ya Rijksmuseum" utakuwa umekosea, hata kama kimekaa katika kabati la makumbusho hayo tangu karne ya 19. Wala hali hii si ya KOG peke yake: mchoro mashuhuri wa Rembrandt uitwao Doria ya Usiku, ambao dunia nzima inauhesabu kuwa wa Rijksmuseum, ni mali ya Jiji la Amsterdam.

Ujihadhari pia na majina yanayofanana. Rijksmuseum van Oudheden ni makumbusho mengine kabisa, yaliyoanzishwa mwaka 1818 mjini Leiden, na yanashughulika na akiolojia pamoja na Misri, Ugiriki na Roma za kale. KNOB ni chama kilichoanzishwa mwaka 1899 na kinajihusisha zaidi na majengo. Kule Maastricht kuna chama cha historia na vitu vya kale cha Limburg kilichoundwa mwaka 1863, na Friesland wana chao tangu mwaka 1827. Neno oudheden katika jina la KOG halikukusudia piramidi wala sanamu za Kirumi. Lilikusudia vitu vya kale vya nyumbani, vya Waholanzi wenyewe: samani, vyombo vya fedha vya mezani, mavazi, vioo, sarafu, michoro ya mitaa na vyombo vya kazi.

Kuipata rekodi

Fungua ukurasa wa hazina ya Rijksmuseum kwenye intaneti na uandike katika kisanduku cha kutafutia jina kamili la chama kwa Kiholanzi, bila kulitafsiri. Ongeza neno la kitu unachokitafuta, nalo pia kwa Kiholanzi: beker kwa kikombe cha kunywea, kast kwa kabati, penning kwa medali, waaier kwa kipepeo cha mkononi, sleutel kwa ufunguo. Ukitafuta kwa Kiingereza utapata kitu, lakini rekodi nyingi za vitu vidogo huandikwa kwa Kiholanzi kwa undani zaidi, na kwa lugha nyingine huwa fupi.

Ukishaipata, jambo la kuandika daftarini kabla ya yote ni namba ya kitu. Jina laweza kubadilishwa na mtaalamu wa kesho, tarehe yaweza kusogezwa, lakini namba hubaki. Herufi za mwanzo zinasema kitu kiko chini ya idara gani: BK ni uchongaji na sanaa za ufundi, NG ni historia ya Uholanzi, SK ni michoro ya rangi, RP-P ni picha za chapa na RP-T ni michoro ya mkono. Katika vitu vya chama mara nyingi utaona herufi zenyewe zikijitambulisha, yaani BK-KOG au NG-KOG, zikifuatwa na tarakimu. Hata hivyo usizitegemee herufi hizo peke yake. Teremka hadi chini ya rekodi usome mstari wa umiliki, kwa kuwa huo ndio unaotamka.

Kuisoma rekodi neno kwa neno

Maneno machache yanabeba kazi kubwa. Herkomst ni chimbuko, yaani mlolongo wa watu na mahali kitu kilipopitia. Schenking ni hiba, kitu kilichotolewa na mtu akiwa hai. Legaat ni kilichoachwa kwa wasia. Aankoop ni ununuzi. Vervaardiger ni mtengenezaji, na datering ni makadirio ya wakati. Opschrift ni maandishi yaliyomo juu ya kitu chenyewe, na hayo uyanakili herufi kwa herufi, pamoja na makosa yake. Katika vipimo, h ni urefu wa kwenda juu, b ni upana na d ni kina.

Kuna mtego mmoja unaomnasa Mswahili kuliko mtu mwingine yeyote. Ukiona rekodi imeandikwa na 1650, usisome kana kwamba ni kiunganishi chetu. Katika Kiholanzi na maana yake ni "baada ya", na voor ni "kabla ya". Jirani yake ni naar, ambayo mbele ya jina la msanii inamaanisha kwamba kazi hiyo ilinakiliwa kutoka kazi ya msanii huyo: naar Rembrandt si kazi ya mkono wa Rembrandt, bali ya mtu mwingine aliyemfuata. Toegeschreven aan ni "inadhaniwa kuwa ya", mogelijk ni "huenda", na anoniem ni kwamba mtengenezaji hajulikani. Maneno haya ya tahadhari usiyaache yakadondoka njiani unapotafsiri. Aliyeandika rekodi aliyapima, na ukiyaondoa unageuza dhana yake kuwa hakika.

Kwenye vifaa, messing ni shaba ya njano, tin ni bati pamoja na mchanganyiko wa bati uliotumika kwa sahani na mabuli, eikenhout ni mwaloni, ebbenhout ni mti mweusi wa jamii ya mpingo, na ivoor ni pembe za ndovu. Nikiliona neno hilo la mwisho husita kidogo. Rekodi itasema nani alichonga na mji gani, lakini neno ivoor peke yake halisemi ndovu aliangukia wapi, na mtafiti wa Afrika Mashariki asikimbilie kusema pembe ilitoka kwetu kwa kuwa tu tunajua biashara hiyo ilikuwepo. Aandike alichokiona, aache nafasi.

Kama kitu ni cha fedha, tafuta neno merk au gemerkt, yaani kina mihuri. Fedha iliyofuliwa Amsterdam wakati wa vyama vya mafundi kwa kawaida hugongwa alama ya mji, ambayo ni misalaba mitatu iliyolala kama herufi X, herufi ya mwaka, na alama ya fundi mwenyewe. Vikipatikana vyote vitatu, umeshapata mahali, mwaka na mtu. Vikombe vingi vinavyodhaniwa kuwa bubu vinazungumza vikigeuzwa chini juu.

Mfano: kipande cha shaba na mazishi

Napenda kuonyesha njia hii kwa kitu kidogo badala ya kitu cha fahari, maana vitu vidogo ndivyo vilivyokuwa karibu zaidi na hatari ya kutupwa. Andika katika kisanduku neno begrafenispenning, ambalo ni medali ya mazishi, na uchague mojawapo ya chama cha mafundi wa Amsterdam.

Utakachokiona ni kipande cha shaba au shaba ya njano chenye ukubwa wa kukaa kiganjani. Upande mmoja huwa na zana za kazi: nyundo na koleo kwa wahunzi, bikari na randa kwa maseremala, mashua kwa wapagazi wa majini. Upande wa pili huwa na jina la mwanachama lililochorwa kwa ncha ya chuma, na pengine mwaka wa kujiunga. Mwanachama mwenzao alipofariki, kila fundi alipaswa kuhudhuria maziko na kukabidhi kipande chake kama ushahidi kwamba amefika; ambaye kipande chake hakikuonekana alitozwa faini. Sisi hatuhitaji maelezo marefu hapa. Hiki ni chama cha kufa na kuzikana, chenye daftari la mahudhurio lililofuliwa kwa shaba.

Sasa chukua jina lile. Majina ya Waholanzi wa karne ya 17 mara nyingi hayakuwa na ukoo wa kudumu, bali jina la baba: Jansz. ni kifupi cha Janszoon, yaani bin Jan, na Jansdr. ni binti Jan. Amsterdam ilikuwa na akina Pieter Jansz. wengi mno, hivyo jina peke yake halimtambulishi mtu. Likiambatana na kazi na mwaka ndipo duara hupungua. Kwa jina, kazi na mwaka, nenda kwenye ukurasa wa hifadhi ya nyaraka ya jiji, Stadsarchief Amsterdam. Humo kuna faharisi za ubatizo, za matangazo ya ndoa tangu mwaka 1565 hadi 1811, na za maziko, pamoja na picha za kurasa zenyewe za madaftari. Katika matangazo ya ndoa karani mara nyingi aliandika kazi ya bwana harusi, umri wake, mtaa alioishi na mji aliotoka, na mwishoni wahusika wakaweka sahihi au alama ya mkono. Ukimpata mtu wako, shaba ile haitakuwa tena shaba: utakuwa unajua alioa akiwa na umri gani, na kama alijua kuandika.

Usipompata, usilazimishe. Jaribu tahajia nyingine kwanza. Kiholanzi cha zamani hakikuwa na mwandiko mmoja, na hata vitabu vya karne ya 19 viliandika teekening panapoandikwa leo tekening, Nederlandsch badala ya Nederlands, gild na gilde kwa kubadilishana. Mwandiko ulisahihishwa mwaka 1934 na tena 1947, kwa hiyo maandishi ya waanzilishi wa chama yote yako katika mwandiko wa kale. Herufi y na ij pia hubadilishana. Tafuta kwa mwandiko wa kale na wa sasa, kila mara.

Kurudi nyuma hadi kwa aliyekitoa

Hadi hapa umejua kitu kilikuwa cha nani mwanzoni. Lililobaki ni gumu zaidi: kilifikaje mikononi mwa chama? Pengo hili, kati ya fundi wa mwaka 1680 na mwanachama wa mwaka 1870, ndilo linalopuuzwa na wengi, nami naona ni kosa, kwa kuwa humo ndimo mna sababu ya kitu kuwepo mpaka leo.

Soma tena herkomst. Kama jina la mtoaji limetajwa pamoja na mwaka, litafute katika taarifa za mwaka za chama, jaarverslagen, ambamo huorodheshwa mambo ya mwaka uliopita na vitu vilivyopokewa. Kisha lipeleke Delpher, hazina ya magazeti, majarida na vitabu vya Kiholanzi iliyowekwa kwenye intaneti chini ya usimamizi wa maktaba ya taifa ya The Hague. Bana miaka unayotafuta, la sivyo utazama. Minada ya karne ya 19 ilitangazwa magazetini, na tangazo la mnada wa mali ya marehemu laweza kukuambia kitu kilitoka nyumba gani. Kwa barua na kumbukumbu za kiofisi za Rijksmuseum lenyewe, hifadhi yake ya zamani imewekwa katika Noord-Hollands Archief mjini Haarlem.

Kama mlolongo unaonyesha kitu kilibadilisha mikono kati ya 1933 na 1945, ongeza uangalifu mara mbili. Katika miaka hiyo mali za Wayahudi zilinyang'anywa au kuuzwa kwa shuruti, na makumbusho ya Uholanzi yamefanya uchunguzi wa vitu vilivyoingia tangu mwaka 1933, na kamati ya taifa ya kushughulikia madai ya kurudishiwa mali hizo iliundwa mwaka 2001. Andika pengo la miaka hiyo kama pengo. Usilizibe kwa maneno ya jumla kama "kilikuwa mikononi mwa watu binafsi" ikiwa huna ushahidi wa watu hao.

Kukiona kwa macho, na kuuliza

Rijksmuseum lina vitu kama milioni moja na huonyesha takriban 8,000, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba kitu chako kimo ghalani. Vitu vingi vya akiba hutunzwa Amersfoort, katika kituo cha pamoja cha hifadhi kilichofunguliwa mwaka 2021. Kabla ya kusafiri hakikisha rekodi inataja chumba cha maonyesho. Kama haitaji, andika barua pepe mapema.

Barua hiyo iwe fupi. Taja namba ya kitu katika mstari wa kwanza, sema wewe ni nani na unafanya kazi gani, eleza umeshatafuta wapi, halafu uliza swali moja au mawili yanayojibika. "Naomba kujua kama upande wa nyuma una maandishi, kwa kuwa picha inaonyesha upande wa mbele tu" ni swali linalojibika. "Naomba maelezo yote kuhusu medali zenu" halijibiki, na anayelipokea atajua hukufungua rekodi. Ukiona kosa katika rekodi, lieleze kwa adabu na uambatishe picha ya ukurasa wa daftari uliokuongoza, pamoja na namba ya hifadhi. Rekodi za makumbusho hurekebishwa, na masahihisho mengine hutoka kwa watu wa nje.

Picha nyingi za vitu vya kale katika hazina hiyo hazina tena haki miliki na zinaweza kupakuliwa bure kwa ukubwa kamili. Ipakue iliyo kubwa hata kama simu yako ni ndogo, kwa sababu alama za mihuri na mikwaruzo ya majina huonekana tu ukiikuza.

Mwisho, namna ya kunukuu. Andika jina la kitu, mtengenezaji au neno "hajulikani", tarehe pamoja na tahadhari yake, kisha: Rijksmuseum, Amsterdam, kwa kuazimwa kutoka Koninklijk Oudheidkundig Genootschap, halafu namba. Usitafsiri jina la chama ndani ya nukuu. Weka tafsiri yake katika maandishi yako ya kawaida. Namba usiiguse, wala usiondoe vistari vyake, kwani NG-KOG isiyo na vistari haitampeleka msomaji wako kokote. Ongeza siku uliyoisoma rekodi, na uweke nakala yake katika kompyuta yako siku hiyo hiyo, maana tarehe na jina la fundi ulivyovisoma leo vyaweza kuwa vimesahihishwa utakaporudi mwakani, nawe utahitaji kuonyesha uliona nini.